Kapu la Ndara na Mgeni wa Chumba Sifuri

Kazi yangu ya mwisho ya kuajiriwa ilikuwa kuchunga ndara. Anayetaka kucheka na acheke, hata watoto wangu walicheka. Nilikuwa mtu mzima mwenye mvi, shule niliiachia darasa la tatu, na katika hoteli moja ya Diani, upande wa kuelekea Galu, nilipewa kiti cha plastiki, kivuli cha makuti na kapu kubwa la ukindu. Wageni waliokwenda mwambani kwa boti ya kioo, ile yenye kioo chini cha kutazamia samaki, walivua ndara zao kwangu kabla ya kupanda. Wakirudi, kila mtu alivaa zake. Kapu likiwa na ndara, mtu bado yuko majini. Kapu likiwa tupu, wote wamerudi, nami huligeuza kifudifudi nikaenda kunywa chai.

Mpango huo aliuanzisha nahodha wa boti, shemeji yangu, mtu wa Gazi. Yeye hakutaka kabisa watu wahesabiwe chomboni. Nazi hesabu, samaki hesabu, lakini binadamu usimnyooshee kidole moja, mbili, tatu. Ndiyo maana tukatazama ndara badala ya watu. Na mimi nilikuwa na langu la nyumbani. Marehemu mama yangu, kule Mwabungo, baba akiwa baharini, hakuwahi hata siku moja kusema hajarudi. Ukimuuliza alikujibu, "Yuko njiani." Hata jua limetua, hata majirani wamekwisha kula, yuko njiani. Neno lile la kwanza, hajarudi, halikutamkwa nyumbani kwetu, na mtoto aliyelitamka alipigwa kofi la mdomo. Nalisema hili mapema kwa sababu mbele litanihukumu.

Ilikuwa miaka ile ya mwisho mwisho kabla ya elfu mbili. Mvua kubwa zilikuwa zimekwisha kukata madaraja, na machafuko ya wakati wa uchaguzi yalikuwa yamekwisha kuwafukuza wageni, hoteli imebaki nusu tupu. Akaja meneja mpya, akataka kila kitu kiingie kwenye kompyuta. Alituita mimi na shemeji akatuambia bila kuzunguka kwamba siku kompyuta itakapoweza kusema nani amekwenda mwambani na nani amerudi, kapu halitakuwa na kazi, wala mwenye kapu. Nilikuwa na mabinti wawili wanasoma Msambweni, na mke miguu imemvimba hawezi kutoka nje. Kwa hiyo, nasema kweli, nilipoliona lile sanduku likiwekwa juu ya meza katika banda la taulo, hatua kumi kutoka kitini kwangu, nilimwomba Mungu liharibike.

Mwenye kutengeneza programu ya kompyuta hiyo alikuwa binti wa bara, mwembamba, mwenye miwani na mkoba mweusi. Siku ya kwanza alinipita akaniambia, "Habari, mzee." Nikamwambia habari ni ya redioni, mzee huamkiwa. Akacheka, akarudi nyuma hatua mbili, akasema shikamoo. Tangu hapo hakuniruka. Alikuwa na kompyuta yake katika chumba cha nyuma ya jikoni, huko ndiko alikoandika, kisha alileta kazi yake kwenye diski akaitia katika kompyuta ya banda. Mama wa taulo, mwanamke wa Tiwi, mcha Mungu na mwoga wa kila kitu, ndiye aliyefundishwa kuitumia. Mgeni akipanda boti, mama anaandika jina na nambari ya chumba. Mgeni akirudi, mama anabonyeza. Binti aliyaandika maneno yote kwa Kiswahili ili mama asihangaike, na chini kabisa ya skrini palikuwa na neno moja na tarakimu: Hawajarudi.

Alasiri ya kwanza boti ilirudi, wageni wakavaa ndara zao, kapu likawa tupu. Nikaligeuza. Mama wa taulo akaniita kwa sauti ndogo, kama mtu aliyeona nyoka asitake nyoka amsikie. Nikaenda. Skrini ilisema: Hawajarudi, 1. Juu yake palikuwa na mstari wenye nafasi nyeupe pale pa jina, na mwisho wa mstari nambari ya chumba. Sifuri.

Pale hotelini vyumba vilianza na moja.

Siku ya pili ikawa vilevile. Watu wanane wakaenda, wanane wakarudi, na mmoja asiye na jina, wa chumba sifuri, akabaki. Siku ya tatu boti haikutoka kwa sababu ya upepo, hakuandikwa hata mtu mmoja, na bado yule alikuwa hajarudi. Hapo mama wa taulo akaleta ubani kutoka nyumbani. Wapishi wakaanza kumtaja kama mtu wanayemjua, mgeni wa chumba sifuri, mara kapita bustanini, mara taulo moja imelowa na hakuna aliyeoga. Mama akaniuliza kama pwani ile imewahi kuchukua mtu. Sikusema ndiyo. Nilitazama mwambani, nikatikisa kichwa polepole, nikanyamaza. Ile ilitosha. Ukiwa na sura ya uzee kama yangu huna haja ya kusema uongo, unanyamaza tu.

Lakini nami, nisiwadanganye, niliogopa. Jioni nikipita mbele ya banda nilipishana na ile skrini kwa mbavu, kama unavyopishana na dirisha la nyumba ya mwenye matanga.

Binti hakuogopa. Aliudhika. Meneja alimpa mpaka Ijumaa, baada ya hapo afunge mkoba wake. Akakaa bandani na kompyuta, akanionyesha bila mimi kuomba. Alitia doa jekundu pembeni mwa mstari mmoja wa maandishi yake, akaniambia programu ikifika hapo itasimama yenyewe, kama gari kwenye kizuizi cha polisi, ili apekue imebeba nini. Kisha akawa anabonyeza kitufe kimoja, na kila akibonyeza, ukanda wa njano unashuka mstari mmoja. Anabonyeza, unashuka. Ulishuka kimyakimya hata nikahisi kuna mtu ndani anasoma kwa kidole. Mara likatokea lisanduku la kijivu katikati ya skrini, lenye duara jekundu na msalaba mweupe. Nikamuuliza linasema nini. Akasema linasema ameomba kitu ambacho hakimo kwenye safu ya majina.

"Basi usiombe," nikamwambia.

"Mzee, nikijua ni wapi nimeomba nitaacha."

Jumatano akafuta kitu, akajaribu kule chumbani kwake, chumba sifuri hakipo. Akaja anakimbia kutuambia. Alasiri boti ikarudi, na yule mgeni yumo, palepale, mweupe, sifuri. Mama wa taulo akaondoka bila kuaga, akarudi kesho yake na hirizi mkononi. Binti alikaa sakafuni. Baadaye ndipo akagundua kwamba diski haikunakili, kompyuta ya banda ilikuwa bado inaendesha kazi ya juzi. Alisema hilo ni kosa la kila siku, unatengeneza kimoja unaendesha kingine. Kwangu lilikuwa jambo la kutisha zaidi ya pepo, kwamba unaweza kumfukuza mtu kutoka chumba kimoja naye amekaa starehe katika kingine. Wala alichofuta hakikuwa dawa. Kule kwake hakuwa amemwondoa mgeni, alimzuia asionekane tu, na mahali pengine hesabu zikaharibika.

Alhamisi asubuhi akanijia na wazo. Akasema, "Mzee wangu, nipe ndara zako. Tufanye wewe na mimi ndio kompyuta."

Tukazipanga ndara za kuazima mchangani, jozi saba, safu moja. Aliniambia niite kila jozi kwa nambari, yeye atafuata kwenye karatasi yake. Nikaanza na ile ya kwanza nikasema moja. Akasema hapana, kompyuta yake inaanza na sifuri. Nikamuuliza sifuri iko wapi. Akanyoosha kidole kwenye mchanga mtupu, kabla ya jozi ya kwanza.

"Hapo hakuna mtu, mwanangu," nikamwambia.

Kidole chake kikabaki kimenyooka. Mimi nilikuwa natazama ule mchanga, na kwa kitambo kidogo nilihisi tumemwekea mtu mahali pa kusimama. Kisha binti akacheka, akajipiga paji la uso. Kila siku alikuwa anasoma nafasi ile tupu ya mbele kana kwamba ni mtu, na kwa kuwa hakuna aliyembonyezea amerudi, hajarudi.

Alitengeneza pale pale, safari hii akahakikisha na diski. Akasema sasa tujaribu. Tukazipanga jozi saba tena, mama wa taulo akaandika majina saba ya uongo, tukawarudisha wote saba, skrini ikasema: Hawajarudi, 0. Mama akasema Alhamdulillahi. Mimi moyo ukashuka, maana kapu langu lilikuwa limekwisha.

Binti akasema, "Bado kidogo. Tujaribu mmoja asirudi." Akashika jozi ya mwisho ili aiache mchangani.

Nikamnyang'anya. Nilimwambia kwetu hatufanyi mchezo huo, mtu asiyerudi haigizwi, wala neno hilo halisemwi mbele ya maji. Shemeji alikuwa anafunga injini, akasema vilevile, na kwa ukali kuliko mimi. Mama wa taulo akaunga mkono. Watu wazima watatu dhidi ya binti mmoja wa bara anayeheshimu wazee. Akatazama ile jozi mkononi mwangu, akasema, "Sawa, mzee." Hakulijaribu.

Ijumaa meneja akaja mwenyewe bandani. Wageni kumi na mmoja walikwenda mwambani maji yamekupwa, wakashuka kutembea kwenye mawe na boti ikawangoja. Saa tisa na nusu maji yalikuwa yanapanda, boti ikarudi. Wakateremka kwa fujo, wanapiga picha, wanatafuta ndara. Mama akabonyeza jina baada ya jina huku wanapita. Skrini: Hawajarudi, 0. Meneja akampa binti mkono. Akanigeukia, akaniambia kwa adabu tu kwamba mwisho wa mwezi tutazungumza.

Mimi nilikuwa nimeinama kwenye kapu. Ndani palikuwa na ndara jozi moja, za ngozi, kubwa, za mwanamume.

Niliwaonyesha. Meneja akasema mtu atakuwa amekwenda chumbani peku, mchanga hauchomi saa hizi. Shemeji akasema walipanda wote, ila hakuwahesabu, na nyote mnajua kwa nini. Mama akatazama skrini akasema mashine inasema sifuri. Na mimi, mwenye kapu, nilisita. Kama ningepiga kelele wangesema mzee anapigania kiti chake cha plastiki, na kwa kweli nilikuwa nakipigania. Nikasimama na zile ndara mkononi, maji yanapanda, kwa muda wa mtu kuvuta sigara nusu. Muda ule sijausamehe.

Aliyetutoa katika kigugumizi ni binti. Aliniuliza taratibu, "Mzee, jana nilitoa nafasi moja mbele. Kule mwisho nilitoa moja pia?" Alibonyeza, akashusha ule ukanda wa njano mpaka chini ya orodha, na sote tukaona ukisimama kwa mtu wa kumi, kisha ukatoka nje ya orodha. Mtu wa kumi na moja haukumfikia kabisa. Jina lake lilikuwapo, chumba chake kilikuwapo, hajabonyezewa.

Shemeji alikuwa tayari anaisukuma boti. Nilipanda naye, na zile ndara sijui kwa nini nimezishika.

Tulimkuta upande wa nje wa mwamba, mzee wa Kizungu wa rika langu, maji kifuani, amekumbatia jiwe, kofia kichwani. Tulimvuta ndani. Alikuwa anatetemeka, lakini uso umetulia kuliko wa kwetu. Shemeji, aliyejifunza lugha yao kwa kuwabeba miaka kumi, akamuuliza mbona hakuita boti inapoondoka. Akajibu hakuwa na wasiwasi. Alijua tutarudi, maana hakuwa wa mwisho. Kulikuwa na mwenzake mmoja mbele zaidi, amesimama kwenye jiwe la mwisho kabisa, na alidhani boti haiwezi kumwacha yule.

Tulitazama. Pale mbele palikuwa na povu tu. Shemeji aliizungusha boti lile jiwe mara mbili, polepole, injini inakohoa. Hakuna mtu. Nilimvisha yule mzee ndara zake humo humo ndani ya boti, jambo ambalo halikuwahi kufanyika.

Pwani, meneja alikuwa amekaa kwenye kiti changu. Alinipisha. Hakusema lolote la mwisho wa mwezi, siku hiyo wala baadaye, na nilikaa na kapu lile mpaka nilipojistaafisha mwenyewe. Mashine nayo ilibaki, binti akaitengeneza kule mwisho, ikawa inafanya kazi sawasawa, na kila Ijumaa tuliijaribu kwa kumwacha mmoja mchangani, jozi ya mwisho, kwa mkono wangu mwenyewe.

Binti, kabla ya kwenda zake bara, alikuja kuniaga. Nilimwambia kosa la Ijumaa lilikuwa letu nusu, langu hasa. Akasema ilimpasa kujaribu hata kama tungemkasirikia, basi ni lake. Hatukuelewana. Kisha akaniomba nitazame skrini. Lile neno la chini alikuwa amelifuta, mahali pake ameandika: Wako njiani. Sikujua kama niliwahi kumhadithia habari za mama yangu. Labda nilimhadithia, mimi huongea sana. Tarakimu yake ilikuwa sifuri, na safu ya majina juu yake nyeupe.

Lakini kapu, tangu siku ile, sikuligeuza tena kifudifudi. Likiwa tupu nililiacha wazi mpaka adhana ya Magharibi, na nikiondoka nilikwepa kutazama ndani.