Shangazi Alale Kule Kwanza

Siku moja siwezi kuisahau, mwanangu. Nilikuwa ningali kijana wa Masisi, nikibeba maharagi mpaka migodini Walikale. Leo nina duka Kitshanga na lori yangu mwenyewe, na masomo niliyaacha mapema. Basi nisikilize, hata kama umesoma kunipita.

Alikuja mwanaume mmoja mwenye viatu, akisema kule migodini wanatafuta wasichana wa kupikia watu wa kazi. Alimutaka dada yangu Riziki. Alimuletea baba chumvi na kitambaa, akaongea Kihunde, luga yetu, vizuri, baba akakubali. Mimi nikajifanya mwenye kujua, nikasema hayo njo maendeleo.

Kwetu, musichana akiolewa mbali, shangazi yake anamusindikiza, analala naye katika nyumba ile, kisha anarudi kutuambia ameona nini. Shangazi Kahindo akatokea amekunja mukeka wake.

Mwanaume akacheka. “Mama, hii si ndoa, ni kazi.”

“Ndoa ao kazi, usiku atalala. Nataka kuona wapi.”

Akasema lori imejaa. Shangazi akajibu atakaa juu ya magunia, yeye si mayai. Akasema kambini hawataki wazee. Shangazi akamuuliza jina la mwanamuke atakayemupokea Riziki kule. Hakuwa nalo. Hapo shangazi akamurudishia chumvi yake. Baba alikasirika, lakini kwa mambo ya binti, shangazi akikataa, baba haongezi neno. Kisha shangazi akanigeukia mimi.

“Na wewe unayejua Walikale, ulishaona nani aliyerudi?”



Riziki alibaki. Mwanaume akavuka kilima, akamuchukua binti wa jirani zetu, bila shangazi wa kumufuata. Kahindo aliposikia, alizunguka vilima mpaka wanawake wakapatana: anayekataa tusindikize, asipewe mutoto. Mvulana naye aende na mjomba wake. Wengi wamepona hivyo. Lakini yule binti hajaonekana. Nikirudi kutoka Walikale, mama yake anasimama barabarani. Haulizi tena. Anaangalia tu nani anashuka kwenye lori yangu.

Nimechoka, mwanangu, maana mwaka huu pia wamekuja wanaume kama yule, na wanavaa vizuri zaidi. Mwenye kazi ya kweli haogopi ndugu yako alale huko usiku mmoja. Akiogopa, mukatalie, kisha kimbia uambie watu wa kilima cha pili kabla hajafika kwao. Mungu akutangulie njiani, na popote utakapolala, pawe na mutu wa kwetu anayepajua.