Karatasi za Wino wa Kijani

Nilipostaafu polisi walinifanyia sherehe. Walinipa cheti, saa ya ukutani na mashuka ya kitanda, na wasemaji wakapokezana kusema kwamba mimi ndiye niliyezitia nguvu kura za siri katika wilaya ile. Walisema kwa kunisifu. Nilikaa meza kuu na soda yangu, nikitamani wanyamaze.

Kwa asiyezijua, kura za siri zilikwenda hivi. Uhalifu ukizidi kijijini na watu wakiogopa kutaja, tunaitisha mkutano shuleni. Kila mtu mzima anapewa kipande cha karatasi na kalamu, anaandika jina la anayemshuku, anakitumbukiza kwenye sanduku. Jina likijirudia mno, tunaanzia hapo. Nilikuwa mkuu wa polisi wa wilaya, mtu wa haraka na sauti kubwa, na njia hii niliipenda kwa sababu ilinipa mtu wa kukamata. Nasema ukweli sasa, maana hakuna tena wa kunipandisha cheo wala kunishusha.

Kijiji ninachokisema kilikuwa kimeibiwa ng'ombe mara tatu msimu mmoja, na wakubwa wangu walinipigia simu kila asubuhi. Nikaenda na sanduku langu. Wazee wengi hawakujua kuandika. Kwa kuwaheshimu, ili wasipange foleni juani, nikamwomba balozi wa nyumba kumi awaandikie. Alikaa darasa la pembeni, nao wakaingia mmoja mmoja kumnong'oneza. Kalamu nilizogawa mimi zote zilikuwa za bluu. Balozi alitumia yake, ya kijani.

Watu walipokuwa wanatawanyika, bibi mmoja alinisimamisha mlangoni.

"Baba, mimi nimemwambia balozi simjui mwizi. Nimesema aandike hivyo hivyo, simjui."

Nikamwambia amefanya vema, bibi yangu, aende salama.

Tulipofungua sanduku, karatasi za bluu zilitaja huyu na yule. Za kijani zote zilikuwa na jina moja. Lilikuwa jina la mzee mwenye mizinga ya nyuki, aliyehamia kutoka upande wa Kilimatinde na kulima bondeni, penye maji, shamba lililopakana na la balozi. Nikazipekua upya nikitafuta ile ya bibi, ya simjui. Haikuwemo. Hapo nikajua, na wala haikuhitaji mafunzo ya upelelezi. Nikazifunga karatasi zote kwa mpira, nikamwambia dereva awashe gari.

Tulimkuta anachonga mzinga, mkewe ameketi karibu anapepeta uwele. Alikuwa na umri wa kunizaa. Akaweka tezo chini, akavua kofia.

"Shikamoo, afande."

Kwetu hata mtoto anayejifunza kusema anajua nani humwamkia nani. Mzee yule alikuwa na hofu, na hofu ilimvua uzee wake mbele ya mke wake. Mimi, askari wangu wakinitazama, nikajibu, "Marahaba." Kisha nikaamuru afungwe pingu.

Alikaa mahabusu zaidi ya mwaka. Mkewe aliugua, akafa, akazikwa mumewe hayupo. Baadaye wezi wenyewe walikamatwa mbali, wakiwa na ngozi zenye chapa za kijiji kile, na shauri la mzee likaondolewa. Mimi nilikuwa nimekwishahamishwa, na begani nimeongezewa nyota. Habari za yule mama nilizipata kwa askari wangu wa zamani, aliyenisimulia kama umbea tu tukiwa tunakula nyama. Sikumaliza sahani yangu, wala sikufanya jambo lolote lingine.

Sasa naishi Kiomboi. Asubuhi nawavusha barabara watoto wa shule, mchana napatanisha wanandoa na wagombea mipaka ya mashamba, na vijana wa ulinzi shirikishi hawafanyi kitu bila kuniuliza. Watu husema afande ni mtu wa watu. Siku vijana hao walipokuja kuniomba niwasimamie kura za siri, niliwafokea mpaka mke wangu akatoka jikoni na mwiko mkononi. Hawakuwa na kosa, maskini. Kesho yake nikapanda bodaboda kwenda kwa yule mzee. Nilitaka nimwamkie mimi, aniitikie kama mzee anavyomwitikia mtoto, kisha nimwambie nilichokiona kwenye sanduku na kumwomba msamaha. Nilikuwa nimeubeba mzigo huo miaka mingi, na nilijua yeye hana mingi iliyobaki.

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda kivulini mwa nyumba, macho yake yameingia ukungu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, marahaba, mwanangu. Karibu. Umetoka mbali?"

Nikamwambia natoka Kiomboi. Alinipa maji ya kunywa, akauliza habari za mvua za Kiomboi, akanieleza kwamba nyuki walihama tangu bonde lilipolimwa lote alizeti. Hakusema ni alizeti za nani, na mimi sikuuliza. Ningeweza kuondoka pale na marahaba yangu. Nakiri kwamba nililifikiria hilo.

Nikamwambia mimi ni nani.

Akapapasa chini akatafuta fimbo yake, akainuka kwa taabu, akavua kofia.

"Shikamoo, afande. Safari hii nimeandikwa na nani?"

Nikamwambia hakuna aliyemwandika. Nikamweleza habari ya wino wa kijani, ya bibi wa mlangoni, na ya karatasi niliyoitafuta nisiione. Nikamwambia nilijua kabla sijamfunga pingu, na kwamba nimekuja kumwomba anisamehe. Nililia, mtu mzima na mvi zangu. Yeye alisikiliza yote akiwa amesimama, kofia mkononi, ameegemea fimbo yake.

"Kaa, mzee wangu," nikamwomba. "Kaa, tafadhali."

"Sijaitikiwa, afande."

Nikamsihi tena, hakukaa. Nikamshika mkono ili nimketishe, nikausikia mwili wake wote unakakamaa. Fimbo ikaanza kuteleza kwenye udongo.

Basi nikasema, "Marahaba," naye akakaa.