Unga Mweupe wa Mjomba

Mpaka leo nikimwona mtu anapaka rangi kibao cha duka kabla hajajua nani atanunua, kichefuchefu kinanipanda. Si maneno ya kupamba, mate ya chumvi yananijaa mdomoni kabisa. Namwona mjomba wangu amesimama nyuma ya kibanda chake chenye kibao kipya cha rangi, Kongowe ya Kibaha, kanzu imepigwa pasi, anamtemea mate mteja.

Kwetu ni Kisarawe, juu vilimani. Babu alipofariki aliacha minazi, na kwa desturi yetu mjomba ndiye aliyekuwa na kauli juu ya mali ya ukoo, ingawa mama ndiye mkubwa wake. Akaiuza. Alisema atafungua biashara ya unga karibu na shamba la mkonge, maana manamba, wale vibarua wa mkataba, wamejaa kule na kila siku lazima wale. Mnunuzi wa minazi alikubali kuturudishia tukipata fedha kabla ya masika ya mwaka wa pili. Mama alikuwa mjane, na minazi ile ndiyo iliyokuwa ikitulisha na kutuvika. Hakulia. Aliuliza tu, "Hao manamba wanakula unga gani?"

Mjomba akacheka. "Dada, unga ni unga."

Kazi ilituangukia sisi wanawake. Mimi nilikuwa nimeshaposwa, viganja vyangu vilitakiwa viwe laini kwa harusi, vikaota sugu za mchi. Tulimenya mihogo, tukaianika, tukatwanga makopa, tukachekecha na kuchekecha tena, kwa sababu mjomba alitaka unga uwe mweupe kama kanzu yake. Na kweli ulikuwa mweupe. Manamba walikuja, wengi wao watu wa Kigoma, wakachota kidogo kiganjani, wakanusa, wakaurudisha.

"Ule mwingine hamna?" waliuliza.

Mjomba alijibu kwamba upo huu huu. Kila jioni swali lilikuwa hilo, na hata mara moja hakuuliza ule mwingine ni upi. Alisema washamba hawa hawajui kitu kizuri.

Vuli ikaja ikang'ang'ania. Mihogo tuliyokwisha kuimenya hatukuweza kuianika, mjomba akaamuru itiwe kwenye pipa la maji isiingie weusi. Ikasahaulika humo. Tulipofunua, Mungu anisamehe, nilitapika palepale. Mihogo ilikuwa imelainika ikawa uji, maji yamefanya povu la kijivu, na harufu yake ni ya nguo ya mtoto mchanga iliyosahauliwa uvunguni. Mjomba aliziba pua kwa mkono wa kanzu, akatuambia tukaimwage nyuma ya kibanda.

Tulikuwa tunamwaga alipopita mkata mkonge mmoja, vidole vimechanika kwa miba. Akasimama, akavuta pumzi kama mtu aliyesikia harufu ya pilau.

"Mama, mnaitupa hii? Niuzieni mimi."

Mjomba alimsikia, akaona anakejeliwa. Akatoka mbio, akamwita mla uvundo, akamtemea mate miguuni. Yule mtu aliutazama mguu wake, akaufuta kwa majani, akaenda zake kambini. Kinyaa nilichokipata wakati ule hakikuwa cha pipa tena.

Mama alimfuata, nami nikamfuata mama, shingo upande. Kambini alimwomba radhi, kisha akaanza maswali. Mnailoweka kwa muda gani? Mnajuaje kwamba imeiva? Mnaiponda ikiwa bado mbichi au mpaka ikauke? Mke wa yule mtu alicheka mpaka akakaa chini, kwa kuwa tangu afike pwani hakuna mwenyeji aliyewahi kumuuliza kitu. Akatusongea ugali wake. Ulikuwa na rangi ya majivu, unavutika, na pembeni kambale wa Ruvu. Mama yangu alikuwa na kinyaa kunishinda mimi, akimwona mende jikoni basi hali tena siku ile. Alifumba macho akameza tonge la kwanza, machozi yakamtoka. La pili alilimeza macho wazi. La tatu akasema, "Una uchachu mzuri." Nilimpenda mama siku ile kuliko siku zote. Hakuwa mtu asiyechukia uvundo. Aliuchukia sana, lakini alitaka kujua.

Jioni akamweleza mjomba. "Mihogo tunayo, pipa tunalo, wanunuzi wamejaa kambini. Tuloweke, minazi ya baba irudi."

"Dada, mimi niuze uvundo? Watu wa Kisarawe wakisikia je?"

"Watu wa Kisarawe hawanunui unga wako. Kawaulize wanaokaa hapa."

"Nimuulize manamba? Mimi!"

Yakaishia hapo, mwenye kauli alikuwa yeye. Unga mweupe ulikaa kwenye magunia mpaka ukaingiwa na wadudu. Ukisogea karibu uliwasikia wakichakarika ndani. Mjomba akawachekecha, akaupanga tena mlangoni unga ule ule, na hilo halikumtia kinyaa hata kidogo. Masika ya ahadi yakafika, kibanda kikafungwa, minazi ikaenda moja kwa moja. Kibanda kile alikipanga mtu mwingine, akaloweka mihogo, na manamba wakajipanga mpaka barabarani. Mama akawa anakwenda kununua nazi za minazi ya baba yake.

Miaka ikapita. Mjomba alirudi kukaa kwetu, kanzu imechakaa, meno yamepukutika. Mama hakumsimanga. Siku moja alimsongea ugali ule ule wa mihogo ya kuloweka, akamwekea na kambale. Nilikaa kizingitini nikiangalia. Mjomba alikula, akalamba vidole, akaisogeza sahani mbele.

"Dada, niongeze. Ugali wa leo umekubali."

Mama akamwongeza. Kisha akabaki amekaa mbele yake, amemkazia macho, anangoja, nami nilijua anangoja aulize huu ni unga gani.

Mjomba alimaliza lile tonge la mwisho, akanawa, akasema ameshiba, akalala.