Mtani Hakasirikiwi

Msiniambie nipoe. Bigwa nzima imeshaniambia, "Pili, poa, hayo ni mambo ya Mungu." Mungu hakupigiwa simu. Aliyepigiwa simu ni Dadi, mwenye pikipiki na masikio mawili mazima.

Semeni ni mdogo wangu, tumbo moja. Mama alikuwa analima karoti na kabichi huko juu mlimani, na Semeni alianza kushusha mzigo kichwani kwenda soko la mjini akiwa mtoto mdogo kabisa. Wenzake walipokua wakakimbilia tambarare, wengine wakaolewa Dakawa kwenye mpunga. Yeye aliolewa Gairo. Alikaa msimu mmoja akarudi na begi lake, mama akamuuliza mume kafanya nini, akajibu, "Hajafanya kitu, mama. Kule ardhi imelala mno, miguu inaniuma." Tulimcheka mpaka basi, lakini hakurudi kwa mume.

Basi akawa mwongoza wageni, na njia yake ilikuwa ule mzunguko mkubwa. Mnaanzia hapa Bigwa, mnapanda mpaka kileleni Lupanga, mnafuata mgongo wa mlima ndani ya msitu wa ukungu hadi kilele kingine, Bondwa, ndipo mnashuka kupitia Morningside kurudi mjini. Si matembezi ya kupiga picha yale. Kuna mahali unapanda kwa kushika mizizi, na kuna mahali njia haizidi upana wa kandambili na pembeni ni korongo. Semeni hakumpeleka mtu asiyezoea milima, hata alie. Alikuwa anamtazama mtu viatu, kisha anamwambia, "Kaka yangu, wewe nenda Morningside ukale matunda, upunge na upepo, urudi."

Huko upande wa Morningside, njia inakoteremkia, ndiko anakoishi Dadi. Waongoza wageni walimwachia machela na kamba nyumbani kwake. Makubaliano yao yalikuwa haya: mtu akipatwa na shida juu, anampigia Dadi, na Dadi anakusanya vijana wanapanda. Kazi yake ilikuwa hiyo tu.

Sasa Dadi ni mtani wetu. Ukoo wao na ukoo wetu ni watani tangu mababu, na mtani mnamjua. Anakutukana mbele za watu, anamkamata kuku wako mchana kweupe, nawe unacheka. Msibani anashuka kaburini anakataa maiti isizikwe mpaka apewe chochote, mnacheka huku machozi yanawatoka. Ukikasirika, mwenye makosa ni wewe. Na Semeni na Dadi walikuwa wamepita kiasi. Siku moja Dadi alinipigia kuniambia Semeni kaliwa na chui, nikaangusha sufuria la maharage. Semeni naye akalipiza: akampigia kwamba nyumba yake inaungua. Dadi akatoka mbio kwa kinyozi, upande mmoja wa kichwa umenyolewa na mwingine bado, akakuta nyumba salama salimini na Semeni kakaa barazani anamenya muhogo. Mji mzima ulicheka.

Siku hiyo ninayoisema, Semeni alipanda na watu wawili kutoka Dar, Oscar na mkewe Rahel. Wazoefu wale, walishapanda Meru na Kilimanjaro, sina neno nao. Walishapita Lupanga, wako kwenye mgongo wa mlima, mvua ikanyesha na udongo ukawa kama sabuni. Jiwe likageuka chini ya mguu wa Semeni, akaanguka mtaroni, mguu ukavunjika juu ya kifundo. Rahel aliniambia mfupa ulitokeza nje. Wakambeba mpaka mahali penye mtandao, akapiga simu.

"Dadi, nimevunjika mguu, mfupa uko nje. Njooni na machela, tuko huku kwenye mgongo, hatujafika Bondwa."

Dadi akacheka. "Afadhali! Kaa hapohapo ufe, nakuja kukuzika mwenyewe." Akakata.

Hapa ndipo damu yangu inapochemka, jamani. Semeni aliposikia vile alitabasamu. Na maumivu yale yote, alitabasamu! Akawaambia wageni, "Anakuja." Maana Dadi tangu azaliwe hajawahi kumjibu ndiyo kwa kusema ndiyo. Ukimwomba chumvi anakwambia kalambe ukuta, na chumvi unaletewa. Oscar alitaka kushuka kutafuta watu, Semeni akamkatalia: ukungu umeshuka, njia huijui, na vijana wako njiani. Wakakaa. Wakafunga jeraha kwa shati, simu zikaloa zikazimika, wakakaa kwenye mvua kumsubiri mtu ambaye wakati huo alikuwa kijiweni anawasimulia wenzake jinsi Semeni alivyojaribu kumdanganya tena na yeye akashtuka mapema.

Magharibi ilipoingia sijamwona mdogo wangu, na simu yake haipatikani, nikaenda kwa Dadi. Nilimkuta anafuta pikipiki.

"Dadi, Semeni ameshashuka?"

"Atashukaje, na kavunjika mguu?" Akacheka. "Mchana kanipigia, eti mfupa uko nje. Safari hii kanikosa."

"Hajarudi nyumbani, Dadi. Simu haiendi."

Akaendelea kufuta. Kisha mkono ukasimama. Nilimwona uso ukimbadilika, na nawaambia kweli, hata sasa sijui kwa nini sikumtwanga kwa lile tofali lililokuwa mlangoni. Alikimbia kuita vijana, akapanda nao gizani, analia njia nzima. Hilo nalisema kwa sababu ni kweli. Lakini kulia kwake kulimsaidia nini Semeni? Walipomfikisha hospitali, daktari alisema damu haikuwa inafika kwenye unyayo muda mrefu, na kidonda kimeshaingia uchafu. Angeletwa mapema, mguu ungepona. Wakaukata chini ya goti.

Mwanamke aliyemwacha mume kwa sababu ya kukosa mlima! Mkate mguu, kisha mje mniambie nipoe.

Semeni alipotoka hospitali, Mjomba Mansuri, mkubwa wa ukoo wetu, aliita kikao uani kwetu. Dadi alikuja na wazee wao, kaleta jogoo na mchele, kama inavyotakiwa kwa mtani aliyekosa. Nilimwamkia mjomba shikamoo, nikakaa, nikajizuia. Mjomba akasema, "Wanangu, mtani hakasirikiwi. Tupokee jogoo, tucheke, yaishe."

Yaishe! Nikasimama. Nikamwambia Dadi, "Wewe mbwa, umekula mguu wa mdogo wangu, sasa unatuletea jogoo tusindikizie wali?" Na watu wakaangua kicheko. "Pili kaanza! Mtani kapatikana!" Mzee mmoja wa upande wao akapiga makofi. Nikaongeza, nikamtukana matusi ambayo sijawahi kuyatamka mbele ya mjomba wangu, na kadiri nilivyotukana ndivyo walivyojipigapiga mapaja. Utamwambiaje mtani kwamba umemchukia, aelewe?

Dadi peke yake hakucheka. Alikuwa anautazama mkeka.

Semeni akashika magongo yake akainuka. Mjomba akamwambia akae, asijichoshe, akakataa. Watu wakamgeukia, wanangoja aongeze utamu, maana yeye ndiye aliyekuwa fundi wa maneno. Hakupandisha sauti hata kidogo.

"Dadi," akasema, "kuanzia leo nikikutukana, ujue nimekutukana."

Hakucheka mtu. Dadi akamshika jogoo wake miguuni, akawaaga wazee mmoja mmoja, akatoka naye.