Mnyama wa Majivu

Mwaka huo vita vilikuwa mpakani, na hapa Kigali watu walikuwa wameanza kuogopana. Nilikuwa na miaka kumi, nikisoma shule moja ya Gatsata. Mwalimu wetu alikuwa kijana mrefu, mpole, anayependa kutufundisha mambo yasiyokuwa vitabuni.

Asubuhi moja alituambia kwamba zamani, kabla ya binadamu, waliishi wanyama ambao tembo akisimama kando yao angeonekana ndama. Tulicheka. Hakubishana nasi. Alinituma nilete ndoo ya majivu, akatupeleka uwanjani, akapiga hatua saba.

"Huyu ni tembo."

Kisha akapiga hatua ishirini na tano, mimi nikimfuata nyuma nikimwaga majivu: shingo, mgongo, mkia. Darasa zima tuliingia tumboni mwa mnyama yule tukalala, na nafasi ikabaki.

Ndipo wanajeshi watatu wakatokea kwenye barabara inayopanda kutoka Nyabugogo. Mkubwa wao alisimama penye mkia.

"Hii iko nini?"

"Mnyama wa zamani, afande. Nawafundisha ukubwa wake."

"Hakuna mnyama kama huyu. Hii iko alama. Unamwonyesha nani kule mlimani?"

Hakungoja jibu. Afande akanigeukia mimi niliyeshika ndoo.

"Nani alikuambia umwage?"

Nilimnyooshea mwalimu kidole.

Walimfunga mikono kwa mshipi wake mwenyewe wakaondoka naye. Sisi tuliamriwa kufuta kila kitu kwa miguu. Tulifuta, vumbi likitupalia.

Nyumbani nilimsimulia baba, aliyekuwa fundi cherehani. Alisikiliza mpaka mwisho, akaomba daftari langu. Ndani nilikuwa nimechora tembo na yule mnyama ubavu kwa ubavu. Kesho yake alivaa kanzu safi, akaenda nalo kambini kwa wanajeshi. Mama alifunga mlango kwa komeo mchana kweupe. Kila kiatu kilichopita nje nilidhani kinanifuata mimi.

Baba alirudi adhuhuri, peke yake, bila daftari.

"Wamelichukua," alisema. "Hawakunijibu kitu."

Siku ya tatu mwalimu aliingia darasani, mdomo umevimba. Akaandika hesabu ubaoni. Wenzangu walipotoka kucheza, nilibaki.

"Mwalimu, mimi ndiye niliyekunyooshea kidole."

"Uliulizwa, ukasema kweli." Alikuwa akiutazama mlango. "Michoro yako waliipitisha mkono kwa mkono wakicheka. Bila hiyo nisingetoka."

Nilitaka kufurahi, lakini akainama akanong'ona: "Usichore tena. Hata tembo."

Muda wote uliobaki wa mwaka ule tulisoma hesabu na imla, madirisha yamefungwa, na hakuna aliyeuliza kitu kuhusu wanyama.