Beringi ya Upande wa Pili

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya pampu hapa Juba, Injinia hakunipa spana. Alinipa shafti kuukuu, akaniambia nitafute mahali beringi inapoegemea. Nikamwonyesha palipoanza kuwa panene.

"Hilo ni bega," akasema. "Beringi isiyo na kizuizi hutembea, na ikitembea inakula shafti."

Alikuwa mama mpole kutoka Kisumu, mkali kwa jambo moja tu: kubahatisha.

Nyinyi mnaoanza kazi mkiwa na simu mkononi, sisi tulifundishwa hivi. Beringi ya kwanza hufungwa kabisa. Ringi yake ya ndani hubanwa kati ya bega na nati, na jino la washa, kile kibati kinachokaa chini ya nati, hukunjwa juu yake isije ikafunguka. Ringi ya nje hubanwa na kifuniko. Lakini beringi ya upande wa pili, ringi yake ya nje huachiwa nafasi kidogo, kwa kuwa shafti ikipata joto hurefuka. "Moja ishike, moja ipumue," Injinia alizoea kusema. Niliyaandika maneno hayo daftarini. Kuandika si kutii.

Nilipelekwa kwenye majenereta miaka mitatu, kisha nikarudishwa kwenye pampu nikiwa kiongozi wa zamu. Mwenzangu alikuwa Wani, rika langu, aliyelelewa Kitale akarudi nyumbani. Kazi yake ilikuwa grisi. Pampu ya maji ya mtaa wa New Site ikaanza kugonga. Nilipoifungua niliona beringi ya pili inacheza, nikadhani aliyenitangulia alisahau kuibana. Nikachonga ringi mbili za chuma, nikaziba nafasi pande zote.

"Ya akhu, si hiyo ndiyo ya kupumua?" Wani akauliza.

"Pampu haina mapafu, ndugu yangu."

Tukacheka.

Asubuhi shafti ilizunguka kwa kidole. Saa saba mchana ilikwama, na watu wa New Site wakaanza kubeba madumu. Injinia alipouliza kulikoni, nikajibu, "Grisi ilikuwa kidogo." Wani akaifunika ndoo yake ya grisi. Jioni hiyo alisimamishwa kazi.

Kesho yake nilipasua beringi. Grisi ilikuwa tele. Njia ya gololi ilikuwa imehamia ukingoni, alama ya beringi iliyosukumwa ubavuni na shafti iliyokosa pa kurefukia. Niliificha kabatini siku nne. Siku ya tano nikaiweka mezani kwa Injinia.

Akaigeuza polepole. "Nani alifunga?"

"Mimi."

"Na Wani?"

"Alinionya."

"Wani anarudi leo, na zamu ni yake. Nenda ukamwambie mwenyewe."

Nilimkuta kwake Atlabara, akifua shati. Nikamweleza yote.

"Malesh," nikamwomba radhi.

"Malesh haitoshi," akasema, akikamua shati. "Mimi nitafunga nati. Wewe utapaka grisi."

Nilipaka grisi nikiwa chini ya uongozi wake hadi nilipostaafu, na ilikuwa miaka mizuri. Cheo sikijutii. Ninazijutia zile siku nne, mwenzangu akikaa nyumbani na jina baya nililompa mimi.

Beringi ile ninayo, nimeiunganisha tena. Wani akitoka kanisani Jumapili hupita kwangu, huizungusha kwa kidole, nayo hukwaruza na kukwama palepale.

"Bado haipumui," husema, kisha anadai chai yake.