Jani Mdomoni mwa Shangazi

Mwaka ule wa operesheni, watu wa milimani walipotakiwa kushuka wakaishi pamoja katika kijiji kipya upande wa Chanzuru, nilikuwa mwaka wa kwanza chuo kikuu, na nilirudi likizo nikiwa mgonjwa wa maneno ya Kiingereza. Mwalimu alikuwa ametupa insha juu ya maneno yanayomweleza mtu aliyezama katika jambo moja hadi hasikii mengine. Niliteremka kwenye treni Munisagara na begi lenye kamusi nzito kuliko nguo, nikapanda mlima kwenda kwa shangazi huku nikiyarudia kama sala: absorbed, engrossed, immersed, rapt. Wa kwanza amenyonywa kama maji kwenye kitambaa. Immersed ametoswa mzima. Rapt amenyakuliwa kama kifaranga. Niligundua kwamba kwa Waingereza mtu wa namna hii hafanyi lolote, anafanywa tu, na ugunduzi huo niliuona mkubwa kiasi cha kumweleza shangazi wakati anakanda udongo wake.

"Na chakula mnapewa huko?" aliuliza nilipomaliza.

"Tunapewa, shangazi."

"Kwa hayo hayo?"

"Kwa hayo hayo."

Akatikisa kichwa, akaendelea kukanda.

Shangazi alikuwa mfinyanzi. Nyumba yake ilikuwa ya kwanza kilimani pale kuezekwa kwa bati, na bati lote lilitokana na vyungu. Mvua ikinyesha alikuwa akitunyamazisha ili tulisikilize.

Siku ya kuchoma vyungu alikuwa na mwiko wa wafinyanzi wote wa kwetu. Tangu moto unapowashwa hadi chungu cha mwisho kitoke kwenye majivu, mwenye vyungu haongei. Hajibu hata kwa kutikisa kichwa, na shikamoo haitikii. Akijibu, vyungu vitapasuka. Ili wapita njia wasidhani wamedharauliwa, hubana jani mdomoni. Ukimkuta mwanamke na jani mdomoni, unapita zako. Mchungaji alikuwa akihubiri kwamba huo ni ushirikina, lakini naye akija kuchukua mtungi wake alisimama kando akisubiri jani litoke.

Tulikuwa tumeambiwa lori litakuja wiki inayofuata. Likaja siku hiyo, moto ukiwa umeshakolea, shangazi amechuchumaa mbele ya lundo la nyasi na mavi makavu ya ng'ombe yaliyotoka kwa wafugaji wa bondeni. Aliyeliongoza alikuwa kijana wa rika langu, mgeni mkoani kwetu, mwenye adabu nzuri. Nyuma yake walikuwepo mgambo.

"Shikamoo, mama."

Shangazi akasogeza kinga cha moto.

"Shikamoo, mama!"

Jani likacheza kidogo mdomoni.

"Huyu mama anatafuna nini mbele yangu?"

"Hatafuni, ndugu," nikadakia. "Anachoma vyungu. Kwa sasa hawezi kusema. Ni mwiko."

"Na wewe ni nani?"

"Mtoto wa kaka yake. Nipo chuo kikuu."

"Chuo kikuu siku hizi mnasomea miiko?"

Mgambo wakacheka. Nami, badala ya kunyamaza, nikamtolea insha yangu. Nikamweleza jinsi kazi inavyoweza kummeza mtu, na Kiingereza nikakitia. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ndugu msomi, juzi kule Mikumi mmoja aliniambia ana mgeni. Jana mwingine alikuwa na mkwe mgonjwa. Leo mwiko. Kila nyumba ina lake." Akamgeukia shangazi. "Mama, tunashusha bati lako, tunalipeleka chini. Mimi si mnyama. Ukisema nisubiri, nitasubiri hadi kesho. Sema tu."

Shangazi alikuwa akiutazama moto.

Wakapanda juu. Sijawahi kusikia tena sauti kama ile ya misumari ikitoka kwenye mbao zilizoizoea. Nilimkimbilia. "Shangazi, bati! Wanang'oa bati!" Uso wake ulikuwa mtulivu, macho kwenye makaa. Bati la kwanza likaanguka kwa kishindo, kuku wakatawanyika, yeye hakugeuka. Nikajiambia kwamba sasa namwona kwa macho yangu yule mtu wa kwenye kamusi. Hasikii. Amemezwa. Wakausukuma na ukuta wa jikoni, ili mtu asije akarudi. Hakugeuka.

Jua lilipoinama alivitoa vyungu kwa mti, kimoja kimoja, akavigonga kwa kifundo cha kidole. Vyote vilitoa mlio mzuri. Ndipo akalitoa jani mdomoni, akalitupa kwenye majivu, akamgeukia yule kijana.

"Marahaba, mwanangu."

Kijana akarudi hatua moja nyuma.

"Bati la mlangoni mmelikunja. Ni yule wako mwenye kofia, nimemsikia akicheka. Na msumari umeangukia kwenye pipa langu la maji, mtautoa."

"Mama! Kumbe ulikuwa unasikia?"

"Sina masikio?"

"Sasa kwa nini hukusema? Nilikwambia ningesubiri hadi kesho!"

"Na kesho ungeng'oa," shangazi akasema. "Hivi navyo vingekuwa vimeshapasuka."

Yule mwenye kofia aliivua. Shangazi akaingia ndani, akainua uso pale palipokuwa na paa, akaiona mbingu, na hapo ndipo alipoanguka. Tulimbeba hadi kwenye lori, mimi na yule kijana, yeye akishika mabega.

Insha niliiandika na kufaulu. Shangazi hakuwemo. Kwa mtu anayesikia kila msumari na asigeuke, kamusi ile haikuwa na neno, na mimi, kwa elimu yangu yote, bado sijalipata, hata kwa lugha aliyonilea nayo.

Bati halikurudi kwake. Kijiji kipya kilihitaji kuezeka ghala kwanza, na yeye akajengewa kibanda cha nyasi. Mvua ya kwanza ilitukuta humo, tukiongea wote kwa pamoja, vyungu vimekingwa kila panapovuja. Shangazi akainua mkono tunyamaze. Tukanyamaza. Bati lilikuwa likisikika vizuri kabisa, kutoka upande wa ghala.